Mfuko wa Ndani

Amekuja na boksi la viatu lisilo na viatu.
Ndani, kadibodi mbili alizozikata kwa wembe,
kila moja umbo la bastola ambayo bado hajainunua,
na soksi mbili nyeupe za shule
amezijaza mchanga wa Mto Themi, akazipima
kwenye mizani ya muuza mchele:
hii uzito wa ndogo, hii uzito wa kubwa.
"Fundi Mfinanga, nishonee mifuko miwili,
huku na huku. Koti ndilo litakaloamua."

Kwenye baraza hii ya Mtaa wa Pangani
nimeshona sare za kwaya,
suruali za maharusi waliokondeshwa na woga,
joho la mchungaji lenye mfuko wa siri wa pipi.
Chuma sijapata kukishonea.

Akyoo ni dalali wa mawe ya Mirerani.
Mwezi wa tatu walimngojea Sanawari:
wakaondoka na bahasha, na meno yake mawili.
Tangu hapo fomu yake imepanda ngazi kwa ngazi,
kutoka mtaa hadi wilaya, na wiki hii imeshuka na muhuri.

Dukani wamemwambia: kubwa inaamuru, ndogo inaomba radhi.
Shemeji yake, askari mstaafu, akacheka:
"Kubwa utaiacha kabatini siku ya tatu.
Jambazi hatakusubiri ukaifuate."

Basi simama, nikamwambia. Sasa kaa.
Inama ufunge kamba za kiatu.
Mwamkie mtu mzima. Toa noti mfuko wa nyuma.

Kubwa ikamvuta bega,
pindo la koti likashuka upande mmoja
kama ulimi wa ng'ombe aliyepandishwa mlima.
Hata kipofu angeuliza: umebeba nini?

Ndogo ikalala chini ya mbavu,
imetulia kama jiwe kwenye karatasi yake.
Ila kitako chake ni kifupi:
kidole cha mwisho hakipati pa kushika,
kinabaki nje, mgeni asiyepewa kiti.
"Na risasi zake nyembamba," akasema, kama anajisemea,
"sijui kama mtu mwenye bangi kichwani atazisikia."

Mimi nilikuwa nautazama mkono.
Mara tatu ulikwenda ubavuni kuigusa kadibodi,
mara ya nne wakati wa kunywa chai.
Bwana Akyoo, nikasema, chuma nitakifunika kwa bitana.
Mkono huo siwezi kuutia bitana.
Na hii ni Julai, mji mzima umevaa makoti.
Januari utamweleza nani kwamba unasikia baridi?

Hakujibu. Pini ilikuwa mdomoni mwangu, nami nikanyamaza.

Ndipo Elinipa akatokea, begi mgongoni,
viatu vya shule miguuni bila soksi.
"Baba, nimechapwa kwa sababu ya soksi."
Kisha, hasira ikiwa bado usoni, akamkumbatia;
na kichwa chake, urefu wake wa darasa la tatu,
kikatua pale pale, kwenye mfuko wa kushoto.
"Una nini hapa?"
"Mchanga," akasema Akyoo.
Hakuwa amesema uongo.

Ameondoka na kadibodi zake, koti ameliacha.
Hakuniambia atanunua ipi.
Kubwa nimeifumua. Mfuko wa ndogo
nimeupandisha vidole vinne, karibu na kwapa,
mahali ambapo shavu la mtoto halifiki.

Halafu nikaushika uzi bila kuukata.
Sketi ya mtoto huyu
nimeshusha upindo wake mara mbili tangu Pasaka.