Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi

Kitabu hakifichi. Kiache mezani,
kitafunguka chenyewe pale palipopendwa.
Miaka kumi na tisa ya gundi na sindano,
River Road, chumba cha nyuma, juu ya fundi saa,
ndiyo elimu yangu yote.

Hiki cha Kwamboka kina misafara, pembe, jini mwenye deni,
malkia aliyezingira ngome miezi saba.
Kurasa za vita safi kama shuka la hospitali.
Lakini mia mbili na kumi,
malkia anapovua deraya na kumwomba mpagazi wake
amkune mgongo, pale mkono haufiki,
hapo karatasi imelainika kama sikio la mbuzi,
ina doa la chai,
na uti umekatika.

Nikashona. Shilingi mia mbili.
Wiki mbili, karudi: palepale.
Nikashona tena, uzi wa nailoni, mafundo mawili.
"Msomaji gani wewe," nikamtania, "usiyefika mwisho?"
Akacheka. Chini, saa zililia saa nne,
kila moja kwa wakati wake.

Jana kaja na mvua, kitabu kifuani ndani ya koti.
Nikakiinamisha chini ya taa.
Nyuzi hazikuchakaa. Zilikatwa
kwa wembe, kwa unadhifu, na mkono usio na haraka.

Sikusema kitu.
Nilitunga uzi, nikakosa tundu mara tatu,
kisha nikauliza kama yule mpagazi
hatimaye alimkuna.

"Soma," akasema, akavuta kiti.