Ushindi wa Mezani

Jumamosi, saa sita unusu, nafunga stoo ya vifaa,
nahesabu misumeno, naning'iniza funguo,
nachukua mwavuli, chupa ya chai, na daftari la matokeo.
Kurasa za ushindi zililiwa na panya.
Hawakushiba.

Mimi ni shabiki wa Chuo cha Ufundi Lukhanda.
Si ugonjwa wa kurithi, niliupata ukubwani,
siku nilipokabidhiwa kazi nikaambiwa: Bi Ayuma,
humu mna spana, mna majembe, mna pia mipira minne.
Mitatu ilikuwa imetoboka.
Wa nne, naapa, ndio tunaochezea hadi leo.

Uwanja wetu umeinamia mtoni.
Kipindi cha kwanza tunapanda mlima.
Cha pili tunabadilishana magoli,
tunapanda mlima vilevile.

Kocha ni mwalimu Injete, wa uchomeleaji.
"Ungeni ukuta! Ungeni, msiache ufa!"
Ukuta unaungwa, unapoa,
kisha kijana wa Kisumu anapita katikati
kama mtu aliyesahau kitu jikoni kwao.

Kipa wetu Lihanda ana mikono ya dhahabu:
mpe ubao, ataupiga randa ujione usoni.
Mpira si ubao.

Na jezi, fundi alituletea namba saba mbili, tisa hakuna.
Basi mshambuliaji wa kati ni Saba Mdogo.
Wageni wakiniuliza, tisa wenu yuko wapi,
huwajibu: hata sisi tunamtafuta.

Nisiwasahau wasichana wa hoki.
Khasandi akiinua gongo lake
mashabiki nyuma ya goli hulala kifudifudi,
na sisi wa upande wa pili pia, kwa tahadhari.

Saa kumi huja mvua ya Kakamega,
shabiki mwenzangu asiyekosa mechi.
Haina tiketi, na hukaa mbele.

Kwenye daftari siandiki kwamba tumefungwa.
Naandika: *Wageni wameondoka wakiimba.*
Au: *Watano kwa nunge. Lihanda aliokoa miwili mizuri sana.*

Dada yangu hunicheka.
Shabikia timu za kwenye runinga, asema,
ulie ukiwa umekaa kwenye kiti chako, mkavu.
Lakini wale wa runinga hawajui kama nimekuja.
Juzi jino liliniuma, nikakosa Jumamosi moja.
Jumatatu Saba Mdogo akaja dirishani mwa stoo,
akaomba spana ya kumi na tatu,
akaigeuzageuza kama anaikagua,
kisha akasema, akiitazama spana:
"Madamu, ulikuwa wapi? Tulifungwa."

Kana kwamba zile Jumamosi nyingine
huwa tunafanya kitu tofauti.

Mwezi uliopita tuliwangoja vijana wa Nakuru.
Saa nane. Saa tisa. Mvua ikaja, ikatukuta tumepanga mstari,
Injete akiuchomelea ukuta usio na adui.
Simu ikalia: basi lao limelala Timboroa, kwenye ukungu,
giaboksi imekata roho.
Refa akatazama saa, akatutazama sisi, akapuliza.
Pointi tatu. Mawili kwa nunge.
Mpira ulikuwa bado kwapani mwangu.

Mngetuona! Lihanda alibebwa juu juu,
glavu zake safi kama za bwana harusi.
Injete alifuta macho, akasingizia moshi,
na hakuna aliyekuwa akichomelea chochote.
Khasandi na wenzake wakagonga magongo chini
hadi ng'ombe wa jirani wakakimbia.
Nami, mtu mzima mwenye pensheni njiani,
nilirukaruka nikauvunja mwavuli.

Nikaandika tarehe. Nikaandika 2–0, kwa wino mwekundu.
*Mfungaji: giaboksi.*

Usiku ule daftari nililitia ndani ya kopo la bati,
nikakaza kifuniko kwa spana.
Panya nao watafute timu yao.