Springi

Kibanda cha jirani kiko wazi
tangu Mama Nyanjige arudi Nansio na cherehani zake.
Mwenye nyumba kaniachia ufunguo: "Kakiangalie tu."
Siku nne sasa naangalia ufunguo.

Mpwa wangu Bahebe keshapiga hesabu
nyuma ya kalenda ya mwaka jana:
plagi, oili, propela, nyaya za gia,
mitumbwi yote ya injini kuanzia Igombe hadi Kome.
"Mjomba, mizani inaharibika mara moja kwa mwaka.
Injini kila wiki!"
Nimeirudia hesabu yake mara mbili. Haina kosa.
Wa kikoba nao wako tayari,
wanangoja sahihi yangu.

Mimi ni fundi mizani.
Miaka ishirini na mitatu hapa mwaloni Kirumba,
nanuka dagaa nisiowahi kuwauza.

Nikwambie kitu kuhusu springi:
ukiibebesha kuliko kipimo chake, haikatiki.
Heri ingekatika.
Inalegea kidogo, inarudi mahali pake, au karibu na hapo,
na kuanzia siku hiyo inadanganya,
robo hapa, nusu kilo pale,
na uso wake wa namba unakutazama
bila haya.

Basi Jumatatu nikasema hapana. Moyoni, lakini nikaisema.

Jumanne akaja Milembe, mchuuzi wa kutoka Ukara,
akaweka mezani mizani ya betri iliyozimika.
Nikafungua skrubu nne, nikatafuta springi.
Hamna.
Kuna kibao cha kijani chenye vijia vyembamba,
kama ramani ya mji ambao sijawahi kushuka stendi yake.
"Fundi, unaiweza hii?"
Nyuma yake wamesimama wawili
na mizani za aina hiyo hiyo kwapani.
Nikawaambia warudi Ijumaa.
Ijumaa ipi, sikutaja.

Ufunguo nimeurudisha.
Mwenye nyumba akaniuliza kama naogopa kukua.
Naogopa, nikamjibu, ila wewe unanioneshea mlango
na mimi hofu yangu iko mezani.

Bahebe amenuna. Kalenda bado anayo, imekunjwa mfukoni,
na huenda miaka miwili ijayo ataitandaza mbele yangu
nisiwe na neno.
Lakini macho yake ni mazima kuliko yangu,
vidole vyake havitetemeki.

Tumefunga mlango. Nje mawimbi yanagonga mawe.
Shika taa, mpwa wangu.
Karibu zaidi. Hapo.
Tuanze na huu waya mwekundu.