Kidato cha Pili, Segerea

Shomvi ana miaka ishirini na mbili
na b yake hailali upande mmoja.
Usiku twalala mchongoma; nyapara akisema geuka,
sote twageuka.
“Hata herufi zina nyapara,” aniambia.

Nimekata boksi la sabuni, nikatoboa dirisha
la neno moja. Mengine yasubiri nje
kama ndugu siku ya Jumapili.
Anasogeza. Mende akatiza jiografia.

Barua yake ya kwanza: *Dada, nisamehe.*
Hana dada.
Tulicheka hadi afande akagonga geti.

Leo kasoma maelezo yake ya polisi,
yale aliyoyatia dole gumba pale Buguruni.
Neno. Sogeza. Neno.
Dirisha likasimama.

“Ticha,” akasema, “hili hapa
mimi sikulisema.”