Swali la Kumi na Saba

Fomu yangu ina maswali arubaini na moja.
Profesa aliyeyatunga anakaa mbali na joto hili.
Alinipa kishikwambi, chupa ya maji, fulana yenye nembo,
akanionya: usiongeze neno, usipunguze,
na mtu akijibu, usitikise kichwa.

Kuze, Jumanne, saa nne za asubuhi.
Bi Amriya binti Famau, umri sitini na tisa,
anachambua mchele kwenye uteo.
Kishikwambi hakitazami, anatazama miguu yangu.
"Umetembea, mwanangu. Vua viatu, kaa."

Nikaanza na mepesi.
Wangapi wanalala nyumba hii? Saba.
Wangapi wanakula chungu kimoja?
Akanyamaza, akaokota chuya, akamtupia kuku wa jirani.
"Chungu ni kimoja. Sinia ndizo mbili.
Andika utakavyo."

Kwa kipimo cha moja hadi tano,
moja ikiwa ni *sikubali kabisa*,
bandari ipewe wenye mtaji waiendeshe kwa faida?
Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Tano!"
Nyingine ikashuka kutoka orofani:
"Moja! Andika moja, na uipigie mstari!"

Wa pazia ni Twahir, karani kwa wakala wa mizigo.
Wa orofani ni Badi, alibeba magunia miaka kumi na minne
mpaka siku kadi yake ilipokataa kufungua geti.
Tumbo moja, ziwa moja,
na tangu uchaguzi
mmoja hutokea mlango wa mbele, mwenziwe wa uani.

Sauti zao sikuziandika.
Mhojiwa ni mmoja kwa kila nyumba.

Nikafika la kumi na saba, nikalisoma kama lilivyo:
*Katika miezi kumi na miwili iliyopita,
je, umepunguza mawasiliano na jamaa wa karibu
kwa sababu ya tofauti za kisiasa?*

Bi Amriya akacheka, kicheko cha mtu
aliyechomwa na mwiba wa tafi akaona haya kulia.
"Mawasiliano! Neno refu kama meli.
Sikiza. Badi akitaka chumvi, huniambia mimi.
Twahir anayo mkononi, hunipa mimi.
Chumvi yavuka upana wa jamvi, si zaidi,
na kivuko ni mimi, asubuhi, mchana, usiku,
wala nauli sitozi.
Sasa niambie wewe uliyesoma:
huko ni kupunguza au ni kuzidisha?
Maana tangu wanyamaziane
sijapata kusema na wanangu kiasi hiki."

Nikatafuta kijisanduku.
Kulikuwa na ndiyo, kulikuwa na la,
tisini na nane ni *hajui*,
tisini na tisa, *amekataa kujibu*.
Kidole kikabaki hewani, jasho likadondoka kwenye kioo
likachagua *la*. Nikalifuta.

"Na wewe je?" akauliza. "Wa kwenu mwasemezana?"

Mhojaji hajibu, ndivyo tulivyofunzwa.
Kaka yangu Mwatela anakaa Mikindani,
kwa miguu ni saa moja na kidogo.
Aliweka picha ya kiongozi wake,
nikaandika neno chini ya picha,
akaandika neno chini ya neno langu.
Hiyo ilikuwa Agosti.
Mamangu akipiga simu, hunambia Mwatela amekohoa wiki nzima,
hataji kwa nini anambia.

"Tisini na nane," nikasema.
"Ni nini hiyo?"
"Sijui."
"Haya." Akapeta uteo, pumba zikaruka juani.

Maswali ishirini na manne yalikuwa bado.
Ndani ya nyumba simu ikaanza kulia, ikalia, ikalia.
Badi akaita kutoka juu:
"Mama, mwambie huyo wa chini simu yake inalia!"
Bi Amriya akageukia pazia:
"Twahir, simu yako inalia."
"Nimesikia."
Akainua uso kuelekea orofani, mikono ingali mcheleni:
"Amesikia."