Maji Mafu

Jomvu Kuu, kumi na mbili kasorobo.
Nyamvula yuko topeni hadi magotini, ndani ya hifadhi ya mikoko,
chupa sita kiunoni, kila moja na nambari yake,
na penseli, maana wino hulia ukilowa.

Kituo cha kwanza: chumvi ya kawaida.
Cha pili: kaa kibao, wanampigia saluti kwa gando moja.
Cha tatu, chini ya bomba lisilo na mwenyewe,
kipimo kinashuka,
oksijeni mbili, moja na nusu.
Anakifuta kwa pindo la leso, anarudia.
Moja na nusu.

Kwetu maji mafu ni jina la siku tu:
bahari imechoka kupanda,
wiki ijayo bamvua litarudi.
Haya yamekufa kweli,
na hakuna aliyeyakalia matanga.

Ofisini watamuuliza, una hakika?
Basi anaandika tarehe, anaandika saa,
na kwenye kijisanduku cha maelezo, kisichotosha hata jina lake,
anabananisha: *Harufu ya rangi. Kaa hakuna.*

Anafunga daftari.
Analifungua tena.

*Mmoja. Nimemwona mmoja.*