Fundo la Kushoto

Huku Kerinci mtu akiingia msituni
halitaji jina la chui milia.
Husema Babu,
kwa sauti ya mpangaji anayepita mlangoni kwa mwenye nyumba
na kodi hajalipa.

Siku hiyo tulikuwa watatu, na mvua ya nne:
mimi, Mak Deswita mpishi, ambaye macho yake yanatushinda sote,
na kijana wa Jambi anayeandika kila kitu,
hata ruba waliomng'ata aliwahesabu.
Tunatafuta waya.
Si kazi ya kusimulia. Unatembea umeinama
kama aliyedondosha sindano,
unatazama mti mwembamba uliopindwa ukakubali,
jani lililolazwa upande usio wake,
na chini yake duara linasubiri mguu.

Hadi adhuhuri tulikuwa na mitego saba.
Sita ya paa.
Wa saba ulikuwa wa Babu mwenyewe,
waya wa breki ya pikipiki, umepakwa tope usimetemete.

Nilipiga magoti niukate.
Mkono ukakataa.
Fundo lilizungushwa kushoto, ncha ikafichwa ndani,
kama mtu anavyochomeka shati siku ya Idi.
Marehemu baba alifunga hivyo.
Alitufundisha wawili tu, mimi na Yusmar,
kwa kamba ya mbuzi, kabla hatujajua kuandika.

"Waya una siku ngapi?" kijana akauliza, kalamu tayari.
Kumi.
"Fundo la aina gani?"
La kawaida.
Mak Deswita akanitazama, akaendelea kutafuna tambuu.

Ndipo nikaelewa kwa nini tangu Ramadhani
ndugu yangu anashuka mteremko wa mashamba ya mdalasini
akiburuza kandambili zote mbili chini,
soli zimeliwa hadi vidole vinaiona barabara,
na nikimcheka husema breki ni anasa.

Hesabu ninazijua. Mimi ndiye huwasomea watoto wa shule:
waliobaki kisiwa kizima
wangeenea ukumbi mmoja wa harusi, na viti vingebaki.
Na ile nyingine ninaijua:
bei ya mdalasini, ada ya Rahmi chuo cha uuguzi,
mgeni wa gari jeupe anayelipa taslimu,
mifupa kwa kilo.
Hiyo siwasomei.

Jioni nikaenda kwake. Sikubisha hodi.
Nikauweka waya mezani, kati ya vikombe.
Hakuugusa. Aliutazama
kama mtu anayeonyeshwa mwandiko wake wa darasa la pili.
Mkewe akaleta kahawa, akaona, akarudi jikoni
akafungua redio.

"Ulimkuta?"
Hapana. Alipita kando, hatua mbili hivi.
Nyuma ya nyayo zake kulikuwa na nyingine,
ndogo, kama visosi.
Redio ikasoma bei za pilipili, wilaya kwa wilaya.
"Ana mtoto?"
Anaye.

Kesho kijana wa Jambi atachapa ripoti.
Fundo: la kawaida.
Sijui nimemlinda nani.

Nilipotoka, Yusmar alikuwa amepiga magoti uani
mbele ya pikipiki, tochi mdomoni,
anauvuta waya kuona kama bado utafika.
Ulipungua kiganja kimoja.
Niliukata mwenyewe, mahali pabaya.

Nikaitoa tochi mdomoni mwake,
nikamshikia.